Kabla Gia Boksi Haijashushwa: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu katika Gari Kuukuu la Otomatiki

Katika gereji nyingi za Mombasa, gari la otomatiki likifika likichelewa kuondoka au likipiga kishindo linapobadilisha gia, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: "Gia boksi imekufa hiyo, mjomba, tafuta nyingine." Mwenye gari hutafuta nyingine, ya mtumba kutoka Japani, ikafungwa kwa gharama kubwa, kisha ugonjwa ukarudi wiki hiyo hiyo, kwa sababu kilichokuwa kibovu ni waya, maunti ya injini (kishikizo chake cha mpira) au koili ya plagi. Nimeyaona hayo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba gia boksi haifai kushushwa mpaka iwe imeulizwa maswali yote inayoweza kuyajibu ikiwa bado imefungwa. Mpangilio ninaoueleza hapa unaanza na vipimo visivyogharimu chochote na kuishia na vinavyogharimu, na unamfaa anayetaka kununua gari la miaka kumi na tano au ishirini sawa na yule ambaye tayari analo na linamsumbua.

Aina ya gia boksi

Jambo la kwanza ni kujua unachokipima. Toyota Premio iliyotengenezwa kati ya 2001 na 2007 kwa kawaida ina otomatiki ya gia nne, na ndivyo ilivyo Corolla ya NZE. Premio iliyofuata baada ya hapo, X-Trail nyingi za kuanzia 2007 na Honda Fit za kwanza kutoka Japani hutumia CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ukikanyaga eksileta katika CVT, sindano ya mizunguko ya injini hupanda na kusimama mahali pamoja huku mwendo ukiongezeka polepole. Dereva aliyezoea gia nne hudhani gia inateleza, kumbe hiyo ndiyo tabia yake. Katika Toyota nyingi, kibati cha maelezo kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango huonyesha namba ya gia boksi, kwa mfano U340E. Inakili namba hiyo, kwa sababu utaihitaji tena kuchagua oili na, Mungu apishe mbali, kununua spea.

Oili husema mengi kuliko muuzaji

Toyota nyingi za gia nne zina kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, na kipimo chake si kama cha oili ya injini. Gari liendeshwe mpaka lipate moto vizuri, lisimame mahali tambarare, injini iendelee kunguruma, kisha kanyaga breki na upitishe lever taratibu katika kila nafasi kutoka P hadi L na kurudi P. Hapo ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe mpaka mwisho na kukichomoa tena, na usome upande ulioandikwa kwamba ni wa moto. Honda nyingi hupimwa kinyume: gari likishapata moto huzimwa, na kijiti husomwa ndani ya dakika moja au moja na nusu. Ukiipima Honda kwa kanuni ya Toyota utaona oili imepungua, utaongeza, na oili iliyozidi hupigwa mpaka ikatoa povu, gia zikaanza kuteleza kwa ugonjwa uliouleta wewe mwenyewe.

Dondoshea tone moja juu ya karatasi laini nyeupe na uiache kwa dakika chache. Oili iliyo salama hutanuka ikiwa nyekundu au ya rangi ya chai nyepesi. Ya kahawia iliyokolea imechoka, lakini huenda gia boksi yenyewe bado ni nzima. Oili nyeusi, yenye harufu kama ya mkate ulioungua, na ambayo tone lake linaacha duara jeusi katikati lisilotaka kutanuka, imebeba unga wa vitambaa vya klachi za ndani. Nusa, pua haidanganyi katika jambo hili, na broka hana dawa ya harufu hiyo isipokuwa kumwaga oili yote usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha gari. Kwa hiyo oili nyekundu mno na safi mno katika gari lililotembea kilomita laki mbili inastahili swali moja la adabu: imebadilishwa lini, na kwa nini?

Kuna rangi moja ambayo sisi wa Pwani tunapaswa kuiogopa kuliko nyeusi, nayo ni ya waridi iliyochanganyika na maziwa, kama sharubati ya stroberi. Hayo ni maji. Katika magari mengi oili ya gia boksi hupozwa kwa kupitia bomba lililo ndani ya rejeta, na rejeta nyingi za hapa hujazwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kuleanti. Baada ya miaka michache bomba hilo huliwa na kutu, na maji ya rejeta huingia kwenye oili. Fungua kifuniko cha rejeta, gari likiwa limepoa kabisa, na uangalie kama kuna utelezi wa oili juu ya maji. Njia ya pili ya maji ni mafuriko ya masika: gia boksi yenye moto ikizamishwa ghafla katika dimbwi hupoa na kuvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Maji huidhuru gundi inayoshikilia vitambaa vya klachi, na gari huweza kuendelea kwenda vizuri kwa muda kabla ya kuanza kuteleza. Kama unanunua na umeona rangi hiyo, rudisha kijiti, shukuru, uende zako.

Baadhi ya gia boksi, hasa zinazotumia oili ya Toyota WS na CVT kadhaa, hazina kijiti. Kiwango hupimwa kwa kufungua nati ya chini huku oili ikiwa katika joto maalumu lililotajwa na mtengenezaji, na kazi hiyo mwachie fundi mwenye kipima joto. Usikubali kauli ya "oili ya gia ni oili tu." Gia boksi inayotumia oili ya Toyota T-IV haitiwi WS, na CVT ya Nissan inayotaka NS-2 ikitiwa oili ya kawaida ya otomatiki inaweza kuharibika kabisa.

Asubuhi, kabla gari halijapata moto

Muuzaji anayekupigia simu kusema gari "liko tayari, njoo saa tano" amekwisha kulipasha moto. Omba kuliona saa moja asubuhi, na ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla ya kusalimiana vizuri. Hitilafu nyingi za gia boksi zilizochoka hujionyesha katika dakika mbili za kwanza, sili za mpira zikiwa bado ngumu na oili ikiwa imeshuka chini usiku kucha.

Washa injini, isubiri itulie, kanyaga breki, uweke D na uhesabu. Kipimo rasmi cha Toyota hufanywa oili ikiwa na joto la kawaida la kazi: kutoka N hadi gia ya D ishike isizidi sekunde 1.2, na kutoka N hadi R isizidi sekunde 1.5, tena kwa wastani wa vipimo vitatu vyenye mapumziko ya dakika moja moja kati yake. Asubuhi baridi ichelewe kidogo, nitaisamehe. Ikichelewa sekunde tatu au nne halafu ikashika kwa kishindo kinachotikisa dashibodi, shinikizo la oili linachelewa kujengeka, na sababu yaweza kuwa oili pungufu, chujio lililoziba au sili zilizokufa. Andika sekunde ulizopata, gari likiwa baridi na likiwa na moto. Zikiwa mbaya baridi na nzuri moto, shuku sili na chujio. Zikiwa nzuri baridi na mbaya moto, klachi zenyewe zimelika au pampu imechoka, kwa kuwa oili ya moto huwa nyepesi na huvuja kwa urahisi zaidi.

R isiposhika ilhali D inafanya kazi, kuna jaribio dogo linalosaidia katika Toyota nyingi za gia nne. Endesha ukiwa katika L kwa mwendo mdogo na uachie eksileta. Injini ikilizuia gari kwa nguvu, breki ya ndani inayotumika katika L na R ni nzima, na shaka inahamia kwenye klachi ya R. Gari likiteleza tu kama liko N, breki hiyo ndiyo imeisha. Kwa vyovyote gia boksi itafunguliwa, ila utakuwa unajua fundi anatakiwa akuonyeshe nini.

Barabarani

Kisiwa chenyewe hakitoshi kupimia gia boksi. Mimi huanza na foleni ya feri ya Likoni, maana hakuna mahali pengine ambapo gari husogea na kusimama kwa muda mrefu hivyo katika joto la namna ile, na oili hupata moto kupita kiasi cha mwendo wa kawaida. Ukitoka kivukoni kuna mwinuko. Ukanyage kwa upole na uangalie sindano ya mizunguko: ikiruka juu huku gari likibaki zito, hapo gia imeteleza kweli.

Kisha nenda barabara ya Mtwapa, mapema kabla magari hayajajaa, na ushikilie kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa kwa eksileta nyepesi. Katika mwendo huo toki konveta, chombo cha oili kinachounganisha injini na gia boksi, hujifunga ili isipoteze nguvu. Ukihisi mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo madogo yaliyopangwa, usiondoe mguu kwenye eksileta. Gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, baada ya kuhakikisha hakuna aliye nyuma yako. Taa zikiwaka, kompyuta huifungua toki konveta. Mtetemo ukiisha papo hapo na kurudi ukiachia, umepata mkosaji, na mara nyingine oili mpya sahihi hupunguza tatizo hilo. Mtetemo usipobadilika, tazama plagi na koili kabla ya kuisingizia gia boksi.

Mwisho, kama muda unaruhusu, panda kutoka Miritini kuelekea Mazeras. Kwenye mpando ule gari linatakiwa kushuka gia mara moja na kukaa hapo. Likiwa linahangaika, likipanda na kushuka gia kila baada ya mita chache bila wewe kubadilisha mguu, sensa ya eksileta au ya mwendo inastahili kuangaliwa kwanza. Honda Fit za zamani zenye CVT zina ugonjwa wao unaojulikana: hutetemeka zinapoanza tu kuondoka, kwa sababu ya klachi ya kuondokea. Kubadilisha oili kwa ile ya HMMF iliyoagizwa na Honda mara nyingi huzituliza, basi usipunguze bei kupita kiasi wala usikimbie kwa hilo peke yake.

Waya, chumvi na taa ya O/D OFF

Corolla yangu ya NZE ilinifundisha sehemu hii. Niliinunua Tudor, ikaenda vizuri miezi mitatu, kisha asubuhi moja taa ya O/D OFF, ile inayoonyesha kwamba gia ya juu kabisa imezimwa, ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe na gari likakataa kupanda gia. Gereji ya kwanza ilinitajia bei ya gia boksi nzima. Nikaomba niazimwe jeki, nikaingia chini, nikachomoa soketi ya waya zinazoingia katika gia boksi. Pini mbili zilikuwa na unga wa kijani uliokauka kama ganda la chaza, kazi ya hewa ya bahari na ya maji ya kuoshea gari yaliyopigwa kwa presha pale pale. Nilipima ukinzani wa solenoidi (vali za umeme) za kubadilishia gia kwa mita: katika U340E zinatakiwa kusoma kati ya ohmu 11 na 15, na ile ya shinikizo takriban ohmu 5. Zote zilikuwa nzima. Mswaki wa zamani, dawa ya kusafishia viunganishi, mpira mpya wa soketi, na taa haikurudi tena.

Taa ya O/D OFF inapowaka na kuzima bila wewe kubonyeza kitufe chake, gari linakuambia kwamba limehifadhi kosa. Lisomwe na mashine kabla ya kuchomoa betri, kwani betri ikichomolewa ushahidi unaweza kufutika. Kodi (namba ya kosa) P0700 peke yake haisemi lolote zaidi ya kwamba kompyuta ya gia boksi ina malalamiko yake. Itafutwe ile ya pili. P0715 inahusu sensa ya mzunguko wa kuingia, P0720 ya kutoka, P0741 kujifunga kwa toki konveta, P0750 solenoidi ya kwanza, na P0730 ni uwiano wa gia usio sahihi, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi kwa sababu mara nyingi humaanisha kitu kinateleza kweli. Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu husoma injini vizuri, ila baadhi yake haviifikii kompyuta ya gia boksi, na baadhi ya magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayaongei navyo kabisa. Jibu la "hakuna kosa" kutoka kwa kifaa kama hicho si cheti.

Lever ikikataa kabisa kutoka P, usimwite mtu wa kuvuta gari. Mara nyingi swichi ya taa za breki imekufa au fyuzi yake imeungua, na kufuli ya lever haijui kwamba umekanyaga breki. Mwombe mtu asimame nyuma akutazamie taa. Karibu na lever kuna kifuniko kidogo. Kiinue, ingiza ncha ya ufunguo, bonyeza chini huku umekanyaga breki, na lever itatoka. Nimewahi kufanya hivyo foleni ikiwa imejaa honi nyuma yangu na mkono ukitetemeka.

Wasingiziwa wengine

Maunti zilizopasuka hufanya kila badiliko la gia lisikike kama nyundo. Fungua boneti, mwenzako akanyage breki kwa nguvu na handibreki ikiwa imevutwa, abadilishe D na R kwa zamu, nawe usimame pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka zaidi ya upana wa vidole viwili, anza na maunti. Kishindo cha kukata kona ni cha shafti. Halafu kuna hili la hapa kwetu: fundi huondoa thamostati, vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, eti kwa sababu Mombasa kuna joto. Katika magari mengi kompyuta huzuia gia ya nne na kujifunga kwa toki konveta mpaka maji ya injini yapate moto wa kutosha, kwa hiyo injini isiyo na thamostati huchelewesha gia hiyo, hasa alfajiri barabarani, na mwenye gari huambiwa gia ya nne imekufa.

Jaribio la kukanyaga breki na eksileta mpaka mwisho kwa pamoja, ambalo mafundi wengine hulipenda, lina maana likifanywa na mtu mwenye takwimu za mtengenezaji, magurudumu yakiwa yamezuiwa, na kwa muda usiozidi sekunde tano. Kwenye gari la mtu unayetaka kununua kwake, liache. Linaweza kummalizia mgonjwa aliyekuwa mahututi, na bili itakuwa yako.

Ikibidi kufungua

Hatua ya mwisho kabla ya kushusha ni kufungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya gia boksi. Ndani yake mna sumaku. Uji laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au nyuzi nyeusi za vitambaa vya klachi, vinamaanisha gia boksi inakuja chini. Kama sampu ni safi na gia hazitelezi, badilisha chujio na gasketi, mwaga oili na ujaze kiasi kile kile kilichotoka, ambacho katika gia nne nyingi ni karibu nusu ya oili yote, kisha urudie baada ya kilomita elfu moja au mbili. Wapo wanaoamini kwamba oili mpya huua gia boksi kuukuu. Gia boksi inayoteleza tayari ilikuwa inakufa, na oili mpya hukutwa karibu na maiti tu.

Iwapo hakuna njia ila kununua nyingine, linganisha namba ya kibati na namba ya gia boksi unayoonyeshwa, herufi kwa herufi, na uikague sampu yake pale dukani kabla ya kulipa. Sisitiza sili ya mbele ibadilishwe ikiwa bado iko chini, kwa kuwa ni ya bei ndogo na kuifikia baadaye ni kushusha tena kila kitu. Toki konveta ijazwe oili na izungushwe kwa mkono mpaka ikae yote ndani ya pampu kabla ya kufungwa kwenye injini. Mabomba ya kupozea yasafishwe, na kama ile ya zamani ilikufa kwa maji, rejeta ibadilishwe siku hiyo hiyo.